Unatafuta hame (makazi ya zamani yaliyoachwa) la babu zako Newala? Anza na ramani ya zamani

Wakuu, wengi tuna wazee wanaosema "sisi kwetu siyo hapa, tulihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa", na ukiwauliza ni wapi wanaonyesha kidole tu kule porini kwenye mikorosho. Ramani za zile karatasi kubwa, skeli 1:50,000, zilizochorwa kabla ya 1974, nyumba za zamani zimo, vidoti vyeusi vidogo vidogo.

Kabla ya ramani kaa na bibi. Muulize jina la pale, mlikuwa mnashuka wapi kuchota maji, kulikuwa na mwembe gani. Na kwa Wamakonde usiishie upande wa baba, muulize na mjomba, mara nyingi hame lenyewe ni la upande wa mama.

Jina usilitafute kama lilivyo, badili herufi, Kitangari utaikuta Kitangali, chi inakuwa ki. Halafu tafuta yale maji. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito, mistari ya bluu inaanzia chini ya mteremko, pale kontua (mistari ya kimo) zinapobanana mpaka zinakaribia kugusana. Ukishapata kisima cha bibi, fuata njia ya miguu ya nukta nukta inayopanda, vidoti vya juu yake ndo pa kuanzia. Kimo angalia pembeni ya karatasi kama ni futi au mita, mi nilishawahi kusoma futi nikadhani mita nikaona Newala imekuwa Kilimanjaro 😂

Kupima rahisi, sentimita 2 ni kilomita 1, kila kiboksi cha gridi ni kilomita moja. Soma namba za chini (za mashariki) kwanza ndo za pembeni (za kaskazini).

Sasa hapa ndo watu wanapopotea. Ramani hizo nyingi zinatumia datamu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960 na simu yako iko kwenye ya GPS, WGS84, ukiingiza namba hivohivo utatokea kama mita 300 kaskazini ya penyewe, na kwa vichaka vya kule mita 300 ni asubuhi nzima na panga. Kwenye programu ya GPS badilisha datamu, kama haina hiyo sehemu basi punguza kama mita 300 kwenye namba ya kaskazini na ongeza 100 kwenye ya mashariki, utakuwa karibu kabisa.

Ukifika tafuta miembe mikubwa iliyojipanga, vigae, makaburi. Ila usiibebe ramani hiyo kwenda kudai shamba baraza la ardhi, haionyeshi mipaka ya mtu, na mikorosho ya pale ina mwenyewe sasa hivi, mpigie hodi kwanza.