Swali linapogeuzwa kuwa usemi wa taarifa

Wanafunzi ninaowasaidia Kiingereza jioni hapa Kayole hawana shida na nyakati wanapogeuza maneno ya mtu kuwa usemi wa taarifa: “am” inakuwa “was”, “tomorrow” inakuwa “the next day”. Alama zao hupotelea kwenye maswali, na inaniuma kwa sababu kosa ni moja tu. Kondakta wa matatu akiuliza, “Where are you going?”, usiandike “He asked me where was I going”. Swali likishaingia kwenye taarifa si swali tena, kwa hiyo kiima hutangulia kitenzi: “He asked me where I was going.” Alama ya kuuliza nayo inatoka, unaweka nukta. Swali la kujibiwa ndiyo au hapana, mfano “Do you have change?”, huhitaji “if”: “He asked if I had change.” Hiyo “do” iache kabisa.