SOMO: Kukodi ndege ndogo kutoka Dar – piga hesabu ya kilo na saa, siti baadaye

Kila anayeniuliza habari za kukodi ndege anaanza na swali lile lile: "Siti shilingi ngapi?" Ukianza hivyo umeshapotea. Kwenye kukodi hakuna siti inayouzwa. Unanunua muda wa injini kuzunguka, na kilo ambazo ndege hiyo inaweza kuzibeba siku hiyo kwenda kiwanja hicho. Hayo mawili ukiyashika, hata dalali mwenye maneno matamu hakupati.

Mimi si rubani. Nimejifunza kwa kupanga safari za ukoo, ya kwanza ikiwa ya nikaha Mafia. Tulikuwa watu tisa na bibi mwenye miaka zaidi ya themanini, ambaye habari ya kwenda kwa gari hadi Nyamisati kisha boti hadi Kilindoni hakutaka hata kuisikia.

HATUA YA 1: Hakikisha unahitaji kukodi

Kama ni wewe na mwenzio mnakwenda Zanzibar au Mafia, kateni tiketi za kawaida. Kampuni kama Auric Air zinarusha Cessna Caravan kwa ratiba, ndege ya aina ile ile ambayo ungeikodi, na unalipia nafasi yako tu. Kukodi kunaanza kuleta maana mkiwa wengi, mkiwa na mzee au mgonjwa, au mnakokwenda hakuna ndege ya ratiba siku mnayoitaka.

HATUA YA 2: Pima watu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana ndipo aibu zote hutokea.

Chukua Cessna 206, ndege ya viti sita, injini moja ya pistoni. Uzito wake wa juu wa kupaa ni kilo 1,633. Yenyewe ikiwa tupu ina kama tani moja, kwa hiyo zinabaki kama kilo 600 za kugawana kati ya rubani, abiria, mizigo na mafuta. Mafuta yake, avgas, yana uzito wa kama kilo 0.72 kwa lita. Rubani akiweka lita 330, hizo peke yake ni kilo karibu 240. Zimebaki 360: rubani, abiria watatu wa kilo 80 kila mmoja, na mabegi ya kilo 40 jumla. Viti viwili vitakwenda vitupu, na hakuna aliyekuibia.

Kwa safari fupi kama Mafia rubani hana haja ya kujaza matangi, kwa hiyo anapunguza mafuta na kuongeza watu. Ndiyo sababu ndege hiyo hiyo inabeba watano kwenda sehemu moja na watatu kwenda nyingine. Usibishane naye. Mtajie uzito wa kweli naye atakwambia idadi.

Na nasema uzito wa kweli. Shangazi yangu alinitajia kilo 68, ambazo nadhani ni za mwaka aliolewa. Siku ya safari, kwenye mizani ya uwanjani, mbele ya wakwe, ikasoma 91. Begi lake la vitenge likabaki Dar. Siku hizi nazunguka na mizani nyumba kwa nyumba wiki moja kabla, kila mtu anapanda na viatu vyake.

Mizigo: wengi wanaruhusu kilo 15 kwa mtu, na wanataka begi laini. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki, na sehemu ya mizigo kwenye Caravan nyingi ni boksi chini ya tumbo la ndege, mlango wake mfupi. Sufuria la pilau la harusi? Litangulize kwa boti.

HATUA YA 3: Hesabu saa za injini, pamoja na zile ambazo wewe humo

Bei hupigwa kwa saa ya ndege, na saa hiyo huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama tena. Kutoka Dar hadi Kilindoni ni kilometa kama 125 kwa mstari ulionyooka. Caravan inakwenda kama kilometa 300 kwa saa, lakini ukiongeza kutembea ardhini, kupanda na kujipanga kutua, weka dakika 35.

Mkienda na kurudi siku moja, ndege ikiwasubiri, ni safari mbili: dakika 70. Mkitaka iwashushe, irudi Dar, kisha ije kuwachukua baada ya siku tatu, ni safari nne: dakika 140. Zile mbili za katikati ndege ni tupu na wewe ndiye unayezilipia. Wengi wanadhani wamepigwa, kumbe hakuna aliyewaeleza. Uliza pia bei ya kuilaza ndege huko: chumba na posho ya rubani, maegesho, na kiwango cha chini cha saa wanazodai kwa kila siku ndege inapokaa. Kwa usiku mmoja kuilaza mara nyingi ni nafuu. Kwa wiki nzima iache irudi.

HATUA YA 4: Nani hasa anairusha?

Dai kuona cheti cha mwendeshaji, AOC, kinachotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Jina la kwenye cheti, la kwenye mkataba na la akaunti ya benki yawe moja. Dalali hana ndege, ana simu. Si kosa kumtumia, ila pesa iende kwa mwenye cheti. Omba pia namba ya usajili wa ndege, ambayo kwa zetu huanza na 5H, na uthibitisho wa bima ya abiria.

HATUA YA 5: Profoma, yaani ankara ya bei unayopewa kabla ya kulipa

Iwe kwa shilingi. Kanuni za 2025 kuhusu fedha za kigeni zinakataza kutaja na kudai bei za ndani kwa dola. Ioneshe kama kodi, ada za kutua na ada za abiria zimo au zitafuata. Kisha uliza swali ambalo watu hulisahau: hali ya hewa ikiharibika mkarudishwa njiani, nani analipa? Jibu la mdomo halitoshi. Liandikwe.

HATUA YA 6: Saa

Hapa niliumia mwenyewe. Safari ya pili nilituma ujumbe: "tunaondoka saa 2". Aliyepokea akaandika kwenye ratiba yao 14:00. Familia nzima tuko uwanjani saa moja na nusu asubuhi, watoto wamevalishwa, na ndege yetu iko Zanzibar na watu wengine. Walikosea wao, lakini na mimi niliandika hovyo. Sasa naandika "saa 2 asubuhi, yaani 08:00", na nasubiri wajibu kwa maneno hayo hayo.

Kwa nini saa chache zile ziwe msiba? Kwa sababu ya jua. Viwanja vingi vidogo havina taa, kwa hiyo huko lazima mtue mchana. Dar jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 jioni, kutegemea mwezi. Ukichelewa kuondoka asubuhi, unachopunguza ni muda wa kukaa huko, maana mwisho wa siku hausogei. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuna la zaidi: kiwanja cha udongo kikilowa kinaweza kufungwa siku nzima wakati Dar jua linawaka. Msipange ndoa saa mbili baada ya kutua.

HATUA YA 7: Siku yenyewe

Mwambie dereva Teminali 1, uwanja wa zamani. Ukimwambia "epoti" tu atakupeleka Teminali 3, ile mpya ya 2019. Beba kitambulisho. Nenda chooni kabla, kwa wazee nasisitiza, maana ndani hakuna. Sikilizeni rubani akionesha maboya chini ya viti, mnapita juu ya maji. Na kama kuna nafasi ya kiti cha mbele, mpe mwenye kutulia. Bibi yetu alikaa pale mikono mapajani, hakugusa kitu, akarudi na hadithi ya kumtosha mpaka leo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Kimara: Mkuu, jamaa yangu ana leseni ya urubani binafsi, PPL. Anasema tumlipe kidogo atupeleke Saadani. Tatizo liko wapi?

Jibu: Tatizo ni hilo neno "tumlipe". PPL inapatikana kuanzia miaka 17, kwa saa zisizopungua 40 angani na cheti cha afya cha daraja la pili. Inakuruhusu kuruka, hata na rafiki zako, lakini si kulipwa. Wa kulipwa ana leseni ya biashara na saa nyingi zaidi, na yuko chini ya kampuni yenye AOC. Likitokea la kutokea, bima itauliza hilo kwanza.

Mama wa Tabata: Kaka, tuna msiba, tunataka kumsafirisha marehemu Bukoba. Ndege ndogo inabeba jeneza?

Jibu: Pole sana dada, Mungu amrehemu. Caravan ina mlango mkubwa wa mizigo nyuma, viti vinatolewa na jeneza linaingia. Wapelekee vipimo vya jeneza lenyewe, urefu, upana na kimo, pamoja na vibali vya kusafirisha mwili, kabla hamjalipa. Ila Bukoba ni zaidi ya kilometa 1,000, saa tatu na nusu hivi angani. Mafuta ya umbali huo yanakula kilo nyingi, kwa hiyo tegemeeni wasindikizaji wachache tu. Na ndege itarudi tupu, saa zile zile. Kabla ya yote ulizeni shirika lenye ndege kubwa linalokwenda Bukoba kwa ratiba. Mara nyingi mwili unakwenda kama mzigo na ndugu wanakata tiketi.

Mpiga mbizi wa Msasani: Nikizamia na mtungi Mafia asubuhi, jioni naweza kuruka? Kandege kenyewe kanapita chini.

Jibu: Hapana. Ukizamia mara moja subiri angalau saa 12. Ukizamia mara nyingi au siku kadhaa, 18, na wengi wanakamilisha 24 kabisa. Uchini wake usikudanganye. Caravan haina mgandamizo wa hewa ndani, urefu iliopo ndege ndio uliopo mwili wako. Siku ya mwisho panga kutembea Kilindoni.

Mdau wa Kigamboni: Bosi, zile ndege zinazorudi tupu, si waniuzie kwa bei ya kutupa?

Jibu: Wanauza, ukiwa tayari kuondoka saa wanayotaka wao, kutoka wanakotoka wao. Acha namba yako kwa watu wa ratiba, waambie mko wangapi na mna kilo ngapi jumla. Mimi nilipigiwa saa nne asubuhi: "Ndege iko Kilindoni, inarudi Dar saa sita, mko wapi?" Tulikuwa Kariakoo.