Wifi, Leo Usiende: Ultrasaundi za Mwanzo wa Ujauzito na Namna ya Kuchagua Pa Kupimia

Tarehe 9 Aprili, alfajiri, wifi yangu wa Muheza alinitumia picha ya kipimo cha mkojo chenye mistari miwili. Chini yake ameandika: "Wifi, leo leo nakwenda ultrasaundi, nitajie mahali pazuri." Nilimpigia kabla sijavaa sare ya kazi. Nilimuuliza kitu kimoja tu: hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Akasema tarehe 3 Machi. Nikahesabu kwa vidole, siku 37. "Basi leo usiende," nikamwambia. "Leo utalipa hela urudi na wasiwasi."

Mimi ni muuguzi mkunga, na huu ni mwaka wa kumi na tano niko kliniki ya wajawazito hapa Tanga mjini. Niliyomweleza wifi yangu kwenye simu nayaandika hapa, kwa sababu kila wiki napokea mama aliyepimwa mapema mno akaambiwa maneno ya kumvunja moyo, na mwingine ana miezi saba hajapimwa hata mara moja.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Mwaka 2011 nilikuwa na miezi michache kazini, nimekwenda Dar es Salaam kumsalimia dada, na mimba yangu ya kwanza ina siku 36. Nikaingia chumba kimoja cha kupimia kilichokuwa nyuma ya duka la dawa. Aliyenipima hakuuliza tarehe ya hedhi. Alipaka jeli, akapitisha kifaa tumboni dakika mbili hivi, akasema huku akifuta mashine: "Mfuko upo lakini mtupu. Nenda ukasafishwe." Hakuandika chochote zaidi ya bei kwenye risiti. Nilikuwa muuguzi, vitabuni nilishasoma haya yote, na bado nililia kwenye basi kutoka Ubungo mpaka Chalinze.

Mkunga mzee aliyekuwa akinilea kazini ndiye aliyeniokoa. Alinivuta kwenye benchi, akaniuliza tarehe, akahesabu. "Wiki tano na siku moja," akasema. "Ulitaka aone nini, mwanangu? Hakuna wa kukusafisha. Rudi kupimwa baada ya siku kumi na nne, na safari hii twende wote." Tulikwenda. Kwenye kioo kulikuwa na kitu mfano wa punje ya mchele, milimita 10, na katikati yake kitu kinametameta haraka haraka bila kupumzika. Huo ulikuwa moyo wa binti yangu.

Kwa hiyo nikikwambia subiri, sikuambii hivyo kwa sababu sijui uchungu wa kusubiri.

Hesabu kwanza, ndipo upime

Wiki za mimba zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku mliyokutana na mwenzio. Ndiyo maana mama anaweza kusema "mimba ina wiki tatu" na sisi tukaandika wiki tano, na wote tukawa sahihi. Kukadiria tarehe ya kujifungua, chukua tarehe ya hedhi, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Tarehe 3 Machi inakupeleka tarehe 10 Desemba.

Hesabu hiyo inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Kama wako ni wa siku 35, mimba yako imetunga kama wiki moja baadaye, na kila utakachotarajia kukiona kitachelewa wiki hiyo moja. Na kama ulikuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, au unanyonyesha na hedhi haijakaa sawa, tarehe ya hedhi haikusaidii sana. Wewe ndiye unayehitaji ultrasaundi ya mwanzo kuliko wengine, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokupa umri wa mimba.

Haya ndiyo yanayoonekana, na kwa nini siku chache zinabadilisha jibu zima. Katika wiki ya tano kunaonekana mfuko mdogo wa mimba, mara nyingi bila kitu kingine cha kuonyesha. Kuelekea wiki ya sita kinaonekana kiduara kidogo ndani yake kinachomlisha mtoto mwanzoni, kisha mtoto mwenyewe na mapigo ya moyo. Hapo nazungumzia kipimo cha kupitia ukeni, ambacho kinaona karibu zaidi. Kwa kipimo cha juu ya tumbo ongeza kama wiki moja, na zaidi kwa mama mnene au mwenye kizazi kilichoinamia nyuma.

Ndiyo maana nasema ukiwa huumwi na hutoki damu, nenda kati ya wiki ya 8 na ya 12. Kwa wifi yangu ni kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 26 Mei. Wakati huo mtoto anapimwa kutoka utosini hadi makalioni, na umri unaotoka hapo unakosea kwa siku tano hadi saba tu. Pia hapo ndipo pacha wanapotambulika vizuri, na kama wana kondo moja au mawili. Hilo la makondo usilipuuze. Baadaye ni gumu kulijua, na ndilo linaloamua wataangaliwa kila baada ya muda gani.

Ukiambiwa "mtupu" kama nilivyoambiwa mimi, shika namba hizi mbili. Kwa kipimo cha ukeni, mfuko unahesabika kuwa mimba imeharibika ukifikia upana wa milimita 25 bila kuonekana mtoto ndani, au mtoto akifikia urefu wa milimita 7 bila mapigo. Chini ya hapo jibu la haki ni "bado hatujui, rudi," na kurudi huko ni baada ya siku 7 hadi 14. Usikubali kusafishwa kwa jibu la kipimo kimoja cha mapema kama hutoki damu nyingi na hali yako ni nzuri. Uliza mfuko una milimita ngapi. Una haki ya kuuliza.

Lakini kuna mama ambaye hatakiwi kusubiri wiki yoyote. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu, kutoka damu, kizunguzungu mpaka kuanguka, au maumivu ya begani yasiyo na sababu: hizo zinaweza kuwa dalili za mimba iliyotunga nje ya kizazi, na mrija wa uzazi ukipasuka damu inamwagikia tumboni bila wewe kuiona. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, saa hiyo hiyo, hata usiku. Usianzie kwenye chumba cha kupimia cha mtaani. Na kama kundi lako la damu ni hasi, liseme mlangoni, kwa sababu kuna sindano unayoweza kuhitaji ukitoka damu.

Baada ya ile ya kwanza

Kati ya wiki ya 11 na ya 13 na siku 6 kuna kipimo cha kuangalia maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, kinachosaidia kukadiria hatari ya matatizo ya kuzaliwa nayo. Kinahitaji mtu aliyefundishwa kazi hiyo hasa. Kama unapoishi hayupo, usijitese.

Kikubwa kinachofuata ni cha wiki ya 18 hadi 22, kwa wifi yangu tarehe 7 Julai hadi 4 Agosti. Hapo mtoto anakaguliwa kichwa, uti wa mgongo, moyo, tumbo, figo, mikono na miguu, na kondo linatafutwa limekaa wapi. Kondo likiwa chini karibu na mlango wa kizazi usihamanike, mengi hupanda kadiri kizazi kinavyokua, ila panga kurudi karibu na wiki ya 32. Uliyewahi kujifungua kwa kisu, uliza waziwazi: "Kondo liko juu ya kovu langu?" Jibu la swali hilo linaamua utajifungulia hospitali gani. Akina mama wengi wanakuja siku hiyo kwa ajili ya jinsia. Sina ubaya na jinsia, lakini kipimo cha dakika tatu kinachotoa jinsia peke yake hakijakagua mtoto.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 linataka kila mjamzito apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, na mahudhurio manane ya kliniki, la kwanza ndani ya wiki 12. Kwa hiyo hela ikitosha kipimo kimoja tu, na tarehe ya hedhi unaikumbuka vizuri, mimi ningekiweka wiki ya 18 hadi 20. Usiyekumbuka tarehe, anza na cha mapema.

Kingine kinachotusumbua sana kliniki ni mama kuwa na picha tatu zenye tarehe tatu za kujifungua. Tarehe ya picha ya mapema zaidi iliyopimwa vizuri ndiyo inayosimama. Picha ya miezi ya mwisho inaweza kukosea umri kwa wiki tatu, kwa sababu watoto wanaanza kutofautiana ukubwa. Nimeona mama akianzishiwa uchungu kwa tarehe ya picha ya mwezi wa nane wakati kwenye pochi alikuwa na ya wiki ya tisa. Ile karatasi laini ya picha inafifia kwa joto, ikikaa miezi kwenye pochi inabaki nyeupe. Siku hiyo hiyo ipige picha kwa simu, na jibu la maandishi libane kwenye kadi ya kliniki.

Wapo wanaoogopa kwa sababu mlangoni pameandikwa "Mionzi." Ni jina la idara tu, eksirei nayo imo humo. Ultrasaundi inatumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, haina mionzi.

Nani akupime, nani akulee

Hapa watu wanachagua kwa mashine. Mimi ningechagua kwa mtu. Mtaalamu mzuri kwenye mashine ya zamani atakusaidia kuliko asiyejua kwenye mashine ya rangi. Utamjua kwa mambo madogo. Kabla ya kugusa tumbo anauliza tarehe ya hedhi na mimba zilizotangulia. Anakugeuzia kioo akuonyeshe mapigo. Akiwa hana uhakika anasema hana uhakika, na huyo mimi namwamini zaidi. Kwa kipimo cha ukeni anakueleza kwanza, anabadilisha mpira wa kufunika kifaa mbele yako, na kuna mwanamke mwingine chumbani ukitaka. Mwisho anakupa jibu lililoandikwa vipimo kwa milimita, umri kwa wiki na siku, jina lake na sahihi. "Mtoto mzima" peke yake si jibu.

Kabla ya kulipa, piga simu au simama mapokezi uulize: anayepima ni nani na amesajiliwa na baraza la taaluma yake? Bei inajumuisha jibu la maandishi? Bima yangu mnapokea? Mkiona tatizo mnanipeleka wapi? Kwenye swali la mwisho wengine hubaki wanakutazama. Ondoka hapo. Cheti cha usajili wa kituo kinatakiwa kiwe ukutani, kisome.

Chumba cha kupimia na mlezi wa mimba ni vitu viwili tofauti. Picha haipimi shinikizo la damu, wingi wa damu, kaswende, VVU wala mkojo. Hivyo vyote vinapimwa kliniki, na mimba isiyo na shida zahanati ya karibu inatosha kuilea vizuri, ukiwa na mkunga anayekufahamu kwa jina. Ila kama una kisukari, presha, pacha, kovu la kisu, au mimba zilizoharibika mfululizo, omba mapema kuonwa na daktari bingwa wa wanawake katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwetu Tanga ni Bombo. Fikiria na barabara: saa nane usiku, mvua ya masika, nani atakutoa nyumbani, kwa gari gani, na ni kilometa ngapi hadi penye upasuaji na damu? Kliniki yenye vigae vya kung'aa isiyojibu hilo, mimi siwezi kumpeleka wifi yangu.

Wifi alikubali kusubiri, kwa shingo upande. Tumeandika tarehe 5 Mei, siku ambayo mimba yake itatimiza wiki 9. Aje na kaka yangu, kwa sababu kliniki ya kwanza tunawapima damu wote wawili. Anywe glasi tatu za maji saa moja kabla na asikojoe, kibofu kikijaa kinasukuma utumbo pembeni na kizazi kinaonekana. Akiambiwa ni kipimo cha ukeni, aende kukojoa kwanza. Avae sketi na blauzi, si gauni refu la kupandishwa mpaka kifuani, na abebe khanga mbili, ya kujifunika na ya kufutia jeli. Vidonge vya foliki asidi ameshaanza tangu siku ile ya simu. Hivyo havisubiri picha.