Jinsi ya Kununua Nyumba ya Mnada wa Benki Kenya (na Kilichonitoa Jasho)

Biashara zikidorora na watu wakishindwa kulipa mikopo, magazeti ya Jumatatu hunenepa kwa matangazo ya minada. Ndipo wenye hela huamka. Nami nilijitosa mwaka jana, nikanunua nyumba Syokimau. Bei ilikuwa tamu. Miezi iliyofuata ilikuwa shubiri.

Chukua namba ya hati miliki kwenye tangazo, umpe wakili afanye upekuzi ofisi ya ardhi. Aurudie siku chache kabla ya mnada, maana mkopaji anaweza kukimbilia kortini, na amri ya kusimamisha mnada hupenda kufika dalali akiwa keshapanga viti. Uliza pia kaunti deni la kodi ya ardhi, kwa sababu bila cheti cha kutodaiwa hati haihami. Kama ni mtaa wenye geti, waulize majirani kuhusu ada za pamoja. Mimi nililipia takataka za miaka minne ambazo sikuzitupa.

Siku yenyewe beba kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya mlipakodi) na hundi ya benki ya kiasi kilichotajwa kwenye tangazo, usiponunua unarudishiwa. Utakuta wanaume watano sita wanaosalimiana kama waliotoka harusi moja. Usiwasikilize. Na usitarajie bei ya bure: Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki ifanye tathmini kwanza, kisha itafute bei nzuri inayowezekana.

Sasa penye moto. Nyundo ikigonga, kwa kawaida unalipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 90. Ukichelewa, ile asilimia 25 unaweza kuiaga. Mimi nilitegemea mkopo. Benki yangu ikataka mthamini wake aione nyumba kwa ndani. Aliyekuwa akiishi humo akafunga geti, akafungulia mbwa. Mthamini akaandika ripoti ya ukuta. Mkopo ukakwama. Salio nililimaliza siku ya 86, kwa pesa za sacco na za shemeji, ambaye hadi leo hunikumbusha kila tukikaa mezani. Kwa hiyo usinyanyue mkono kabla hujajua salio litatoka wapi, na uwe umelijua kwa maandishi.

Ushuru wa stempu, unaolipwa hati ikihamishiwa jina lako, ni asilimia 4 mjini, 2 mashambani, kwa thamani itakayokubaliwa na mthamini wa serikali. Hapo ni kazi ya wakili na subira yako. Karani mmoja aliniambia "njoo kesho" mara tatu, kikombe cha chai kikiwa palepale.

Kisha kuna mwenye nyumba wa zamani, ambaye bado anaishi humo. Masharti ya mnada mara nyingi hayaahidi nyumba tupu. Kumtoa mtu ni juu yako. Sheria inadai notisi ya maandishi ya miezi mitatu, na kesi ikifunguliwa hesabu miaka. Wakili wangu alikuwa tayari kupigana, kwa saa, kwa bei yake. Niliamua kwenda mwenyewe, Jumapili, bila dalali. Mzee alinisikiliza akiwa amesimama. Tukakubaliana nilipie lori na kodi ya mwezi wa kwanza huko walikohamia, jambo lililonigharimu kidogo kuliko barua mbili za wakili.

Siku ya kuondoka alinipa funguo, akanionyesha bomba linalovuja chini ya sinki.