Somo: Kabla hujalipia boti ya kuvulia baharini, ipime hivi

Wakuu, somo hili nimeombwa na watu wanne, wote wa huku kwetu: wawili Mbeya mjini, mmoja Tukuyu, mmoja Makambako. Hadithi yao ni moja. Mpunga au parachichi vimelipa, mtu ana shemeji Kilwa au Mtwara, shemeji anasema samaki wapo, kinachokosekana ni chombo. Hela inatumwa kwa simu, picha ya boti inarudi WhatsApp, biashara imekwisha.

Mimi ni fundi wa injini hapa Kyela, ila miaka tisa nilikuwa Kilwa Masoko. Boti yangu ya kwanza ya baharini niliinunua kwa macho. Rangi ya bluu mpya, jina limeandikwa vizuri ubavuni, nikalipa. Safari ya tatu, tuko nje ya mwamba watu wanne, maji yakaanza kuingia karibu na tezi, yaani nyuma ya boti. Tulirudi tukichota kwa upo, kile chombo cha kukumbia maji botini, na sufuria ya ugali. Nilipoikwangua ile rangi nyumbani, nikakuta mbao imeoza na shimo limejazwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Aliyeniuzia alikuwa ameshahama. Tangu siku hiyo boti iliyopakwa rangi wiki ya kuuzwa naiogopa kuliko ile chakavu.

Hatua ya kwanza: nenda maji yakiwa yamekupwa. Sisi watu wa ziwani tunasahau hili, kwa sababu Ziwa Nyasa halina kujaa na kupwa. Pwani maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti hufika mita tatu au zaidi. Maji yakitoka, boti inakaa mchangani na unaweza kuizunguka yote, hadi mkuku, ule uti wa mbao wa chini kabisa.

Beba kisu chenye ncha na nyundo ndogo. Kwa boti ya mbao, choma ncha kila sehemu inayoshikilia maji ya mvua: chini ya mataruma (mbavu za ndani za boti), pembe za ndani za tezi, chini ya viti. Wengi hudhani chumvi ndiyo inayoozesha mbao. Hapana. Ukungu unaoozesha mbao unapenda maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na boti nyingi za pwani zinaoza kutokea ndani, pale mvua inapotuama. Kisu kikizama kama kwenye kiazi kilichochemka, mbao hiyo imekufa.

Nje una adui mwingine, ambaye huku ziwani hatumjui kabisa: mnyoo wa baharini anayetoboa mbao. Anaingia akiwa mdogo, tundu lake nje halizidi kichwa cha pini, kisha anakua humo humo na kuchimba njia nene kama kidole. Ubao unaonekana mzima huku ndani umekuwa kama sega la nyuki. Gonga kwa nyundo ubao kwa ubao, usikilize. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyoliwa inajibu kwa sauti ya boksi tupu. Muulize mwenyewe mara ya mwisho aliichoma lini kwa moto wa makuti na kuipaka deheni (mafuta ya kukinga mbao) au rangi ya sumu ya chini. Akianza kukuna kichwa, jibu umeshalipata.

Halafu misumari. Michirizi ya kutu inayoshuka kwenye rangi ni msumari wa chuma cha kawaida unaoliwa na chumvi. Mmoja au miwili hubadilishwa. Mstari mzima kando ya mkuku, achana nayo.

Boti ya faiba haina mnyoo, lakini ina ugonjwa wake. Ule ukuta wa nyuma unaobeba injini mara nyingi una plaiwudi ndani. Maji yakipenya kwenye matundu ya boliti, plaiwudi inaoza huku faiba ya nje ikibaki inang'aa. Shika injini kichwani, isukume mbele na nyuma kwa nguvu. Ukuta ukicheza, au ukiona nyufa nyembamba kama nywele kwenye kona, hiyo boti siku moja itaacha injini baharini.

Hatua ya pili: ilaze majini. Boti ya mbao iliyokauka juani lazima ivuje mwanzoni, mpaka mbao zivimbe. Usiikatae kwa hilo. Iache majini siku mbili, ukihesabu ndoo unazochota kila baada ya saa sita. Ndoo zikipungua, mbao zinafunga. Zikibaki zile zile, kalafati, ile pamba ya kuziba viungo vya mbao, imekwisha au kuna ufa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayotaka muisome mara mbili. Pima boti ikiwa imebeba. Muuzaji atakuonyesha boti tupu inayoelea kama bata, na boti tupu haijazamisha mtu. Fanya hesabu ya safari ya kurudi, siku samaki wamekubali. Wavuvi watano kwa kilo 75 ni 375. Barafu 200. Nyavu zilizolowa 100. Petroli lita 60 ni kama kilo 45. Injini 40. Samaki 300. Jumla 1,060, zaidi ya tani moja. Jaza viroba vya mchanga mpaka, ukijumlisha injini na watu watakaopanda, vifike uzito huo, vipange pale vitu vyenyewe vitakapokaa, na watu wapande. Kisha pima kwa rula kutoka usawa wa maji mpaka ukingo wa boti, sehemu iliyo chini kuliko zote. Kwa boti ya wazi ya mita saba, nikikuta chini ya sentimita 40 mimi nasema hapana. Hicho ni kipimo changu mwenyewe, na nimegombana nacho na watu wengi.

Ikiwa bado imebeba, simamisha watu wawili upande mmoja. Ukingo usikaribie maji. Wakishuka, itikise uone inavyorudi. Wageni hupenda boti inayoyumba taratibu kama kitanda cha mtoto, wanaiona tulivu. Kumbe inayorudi haraka ndiyo yenye nguvu ya kusimama. Inayolala upande, ikasita, ndipo irudi, inakuambia iko karibu kupinduka. Mwaga ndoo kumi za maji ndani urudie: maji yanakimbilia upande ulioinama na kuuvuta chini zaidi. Ndiyo maana ngama, pale chini maji yanapokusanyika, inakaushwa kila mara, hata maji yakiwa ya kifundo cha mguu.

Hatua ya nne, ambayo wauzaji hawaipendi: ijaze maji kabisa, pale pasipo kina. Mbao yenyewe huelea, ingawa injini huivuta. Faiba tupu huzama kama sahani. Dawa yake ni rahisi. Dumu la lita 20 lililofungwa vizuri linanyanyua kama kilo 19. Madumu kumi yaliyofungwa kwa kamba imara chini ya viti yanatosha kuiweka boti ndogo ya faiba juu ya maji na watu wakaishikilia. Yafunge mbele, nyuma na pande zote mbili sawasawa, maana ukiyaweka yote mbele, nyuma itazama na boti itasimama wima.

Injini nitapita haraka, ingawa ndiyo kazi yangu. Iwashwe ikiwa baridi, mbele yako. Maji ya kupoza yatoke kwa nguvu. Ukinunua iliyotumika Ziwa Nyasa umebahatika, chumvi haijaigusa, lakini angalia kile kipande cha madini ya kujitoa mhanga, kinacholiwa badala ya injini, kilichofungwa karibu na propela. Cha maji baridi huwa cha magnesi, na baharini kinayeyuka upesi mno. Weka cha zinki. Kila ukirudi, ioshe ndani na nje kwa maji ya bomba. Mafuta yagawe mafungu matatu: kwenda, kurudi, na la akiba lisiguswe. Makasia mawili, plagi za akiba, nanga na kamba ndefu, upo miwili, jaketi okozi moja kwa kila kichwa.

Karatasi: cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) na leseni ya uvuvi kutoka halmashauri. Viwe na namba ile ile iliyoandikwa ubavuni.

MASWALI

Mwanachama wa Tukuyu: Ndaga fijo, fundi. Nina boti ya mbao pale Matema, miaka sita haijawahi kuvuja. Nataka niipakie kwenye lori, nipitie Songea na Tunduru mpaka Mtwara. Unaonaje?

Jibu: Ikifika itakuwa imekaukia njiani, viungo vimeachana, kwa hiyo kalafati upya ni lazima. Angalia misumari yako. Mafundi wengi wa ziwani hutumia ya chuma cha kawaida na ziwani inadumu. Baharini misimu michache inaweza kutosha kuimaliza. Kitu kimoja kitakufurahisha: maji ya chumvi ni mazito kidogo, boti itaelea juu kidogo kuliko Matema. Usiutumie huo upenyo kuongeza mzigo.

Mwanachama wa Mafinga: Mbao za paini ninazo za kutosha, na dawa zimepigwa. Fundi wa pwani anaweza kunijengea nazo boti?

Jibu: Kaka, jenga nazo nyumba. Dawa ya mbao za paa na nguzo haikupimwa kwa ajili ya mnyoo wa baharini, baharini kinatakiwa kipimo kikubwa zaidi. Paini itumie kwa viti na sakafu ya ndani, vitu unavyoweza kuvitoa. Ubavu na mkuku tafuta mvule au mtiki.

Mwanachama wa Uyole: Ziwani tunaukimbia ule upepo mkali wa mwera, na bado tunarudi salama. Bahari ina nini cha zaidi?

Jibu: Mwera ni ndugu wa kusi, upepo wa kusini wa baharini, miezi yao inakaribiana, kwa hiyo Juni na Julai unajua habari zake. Cha zaidi ni maji yanayotembea. Bamvua likitoka kwenye mlango wa mwamba na upepo ukija kinyume chake, mawimbi yanasimama wima na kukaribiana. Boti yenye ukingo mfupi inakunywa hapo hapo. Soma utabiri wa bahari wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kabla ya safari, na mlangoni upite maji yakiwa yametulia.

Mama wa Mwanjelwa: Mimi hela natoa, boti sipandi, naogopa maji. Nahodha nimemwambia asizidishe mzigo, anasema ndiyo mama. Nitajuaje?

Jibu: Mama, siku ya kupima kwa viroba, chora mstari mweupe pale maji yalipofika pande zote mbili, mbele na nyuma. Paka rangi ya mafuta, upana wa vidole viwili. Kisha mwombe mtu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, pale mwaloni akupigie picha boti inapoingia na samaki, kabla haijashusha. Mstari ukionekana, nahodha wako ni mkweli. Usipoonekana kwa mara ya pili, mbadilishe yeye, boti ibaki.