Simbali za Yamaha kwenye ubongo wa Roland, tulivyozifanya zilie

Jumamosi niliitwa Ujiji na mtumishi mmoja, kanisani kwao drum za umeme zina ubongo wa Roland (moduli, kile kisanduku kinachotoa sauti, sisi tunaita ubongo) ila simbali (matoazi) za mwanzo zimechanika mpira, wakapata za Yamaha PCY135 za mtumba. Wanapiga, hazilii. Naandika kabla sijasahau.

1. Zima ubongo, chomeka, washa. Hii mnaijua.

2. WAYA. Hapa ndo tulipoteza saa nne nzima mpaka wanakwaya wakaenda kula ugali na migebuka wakarudi. Kila ukipiga simbali inasikika "tk" halafu kimya. Mimi nikakimbilia setingi, nikaongeza sensitiviti (wepesi wa ubongo kusikia mpigo), nikarisiti ubongo, wapi! Kumbe kuna mtu kachukua waya wa gitaa, na waya wa gitaa ni mono. Angalia pini: pete nyeusi moja ni mono, pete mbili ni stereo, na simbali inataka stereo basi. Sababu ni hii: ncha ya pini inabeba ishara ya piezo (kihisi cha mtikisiko), yaani mpigo wenyewe, na ile sehemu iliyo kati ya pete mbili inabeba swichi ya ukingoni, ukibana ukingo kwa vidole swichi inajifunga na ubongo unakata sauti. Sasa pini ya mono inaunganisha ile sehemu na ethi (shina la pini) moja kwa moja, ubongo unadhani kuna mtu kashika simbali muda wote! Hata adapta ya mono ukiiweka njiani mchezo ni uleule, na hata waya wa stereo unaweza kuwa umeshoti ndani, kwa hiyo nunua mita ya umeme, usibahatishe kwa masikio. Waya ukiwa haujachomekwa popote, pima kati ya ile sehemu ya kati ya pete mbili na ethi, mita ikilia tupa kule.

3. Kwenye setingi za triga (zinazouambia ubongo umechomeka pedi gani) chagua aina yoyote inayoanza na CY, jaribu mojamoja. Kisha sensitiviti. Kama kick (drum kubwa ya mguu) inaamsha simbali ongeza krostoki (setingi ya kuzuia pedi moja isiamshe nyingine) kidogo, sio mpaka mwisho, maana mapigo laini yatapotea.

4. Kengele ya katikati (kile kinundu cha simbali) msiitegemee. Yamaha wanapitisha sehemu zote tatu kwenye waya mmoja wakitofautisha kwa rezista, raidi (simbali kubwa) za Roland za waya wa kawaida zinataka waya wa pili kwa ajili ya kengele. Mtapata juu na ukingo, kwa pambio inatosha kabisa, mpiga drum wao alinuna kidogo tu.

5. Hi-hat (simbali ya kukanyaga) acheni ya Roland hiyohiyo. Pedali yake kila kampuni ina vipimo vyake, hata mimi siigusi.