Bamvua ya nchi kavu: jinsi ya kuipima kwa umeme hapa Dodoma

Watu wa pwani wanajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Sisi wa Dodoma hatuna bahari, ila mwezi unatuinua vilevile: siku za bamvua, ardhi hupanda na kushuka hata sentimita 40. Nyufa za mwamba hupanuka na kubana, maji yaliyomo husogea. Umeme ardhini hupita kwenye maji hayo, si kwenye jiwe, kwa hiyo ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme, nao hubadilika. Kidogo mno lakini: kilomita nzima ya mwamba hurefuka kama sehemu ya mia ya milimita.

Hatua ya 1. Tafuta graniti iliyopasuka, yenye unyevu chini, mbali na pampu. Makutupora, kwenye visima vinavyolisha mji, nisingepima. Maji yakivutwa na pampu, athari ya mwezi hufunikwa kabisa. Pima kiangazi.

Hatua ya 2. Vuta kamba mita 150. Nje weka nondo mbili za kupitisha mkondo. Za ndani, za kupimia volteji, zisiwe chuma, maana chuma huzalisha volteji yake. Mimi hutumia vyungu vidogo vya udongo vyenye maji ya mrututu (sulfati ya shaba) na waya wa shaba ndani. Kila kimoja mita 50 kutoka mwenzake, futi tatu chini, kimezungushiwa udongo wa mfinyanzi uliolowa.

Hatua ya 3. Kila dakika 10 pitisha mkondo, geuza chanya na hasi, chukua wastani. Volteji gawanya kwa mkondo, zidisha kwa 314 (2 × 3.14 × mita 50), upate ukinzani.

Hatua ya 4. Endelea siku 30. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mara ya kwanza nilipima siku 5, mchoro ukashuka kila alasiri, nikaamini nimeupata mwezi. Lilikuwa jua: udongo ukipata joto nyuzi moja, ukinzani hushuka kama asilimia 2. Jua hurudi kila saa 12 au 24 kamili. Mwezi, kila saa 12 na dakika 25. Chini ya siku 15 huwezi kuwatenganisha.

Hatua ya 5. Kata vipimo vipande vya saa 12 na dakika 25, vipange kimoja juu ya kingine, tafuta wastani. Rudia kwa saa 12 kamili, za jua. Wimbi la mwezi la mara moja kwa siku usihangaike nalo. Karibu na ikweta hufifia, ila hili la mara mbili hupata nguvu. Likizidiwa mno na la saa 12 kamili, fukua vyungu, uvizike chini zaidi, uanze upya.